Fundi wa Sakafu na Akili Mnemba

Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo, Tabora



Nimeombwa niseme juu ya kazi yangu ya sakafu, na juu ya hii kompyuta ambayo siku hizi watu wanasema ina akili. Nitasema polepole. Neno gumu likitokea nitalieleza. Na mtu akiona nimemwacha nyuma anyoshe mkono, tusimame tumngoje.

Kwanza jina lenyewe. Wengi wanaiita akili mnemba. Wengine husema akili bandia. Maana yake ni nini? Kompyuta ya zamani ilifanya lile tu uliloielekeza, hatua kwa hatua. Hii mpya imelishwa maandishi na picha nyingi mno. Humo imetafuta jinsi mambo yanavyofuatana: baada ya neno hili huja neno gani, na picha ya namna hii huwa ni ya kitu gani. Ukiiuliza swali, inakutungia jibu linalofanana na yale iliyolishwa. Mara nyingi jibu huwa zuri. Mara nyingine huwa si kweli, lakini linasemwa kwa sauti ile ile ya uhakika. Hapo ndipo pa kuangalia. Ilianza kuvuma duniani mwishoni mwa mwaka 2022, ilipotolewa programu moja ya Marekani iitwayo ChatGPT. Leo mtu mwenye simu kubwa na bando anaweza kuiuliza kwa Kiswahili akiwa Ipuli, akiwa Sikonge, akiwa Urambo.

Sasa vijana wananiuliza: "Mzee, tujifunze kulaza marumaru au tuache? Maana wanasema kompyuta itakula kazi zote." Swali hili si la mchezo. Mzazi ameuza tumbaku yake, fedha ni zile za mara moja kwa mwaka, anataka kumnunulia kijana mwiko na mashine ya kukatia. Kijana naye atakaa chini ya fundi miaka miwili au mitatu, malipo yake ni chakula na nauli. Ni lazima wajue kama mwisho wa njia hiyo kuna kazi au hakuna.

Siwezi kujibu kwa neno moja. Lakini sisi watu wa Tabora hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Nchi hii ilikwisha kuona kazi kubwa ya ufundi ikiondolewa na mashine. Tuanzie hapo.

WAPAGAZI NA TRENI

Zamani karibu mizigo yote kutoka pwani ilipita hapa kichwani na mabegani mwa watu. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe, halafu ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wageni wa wakati ule waliuita mji huu Kazeh. Vitambaa, shanga na nyaya vilikuja bara. Pembe za ndovu zilishuka pwani. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kilo 30 na zaidi. Mzungu mmoja, Burton, aliondoka pwani mwaka 1857 akafika hapa baada ya miezi zaidi ya minne. Stanley mwaka 1871 alitumia miezi mitatu hivi, na watu walisema amekwenda mbio.

Watu wengine hudhani upagazi wote ulikuwa utumwa. Watumwa walikuwapo, na biashara ile mbaya ilipita njia hii hii, hatulifichi. Lakini Wanyamwezi wengi waliobeba mizigo walikuwa watu huru. Walipatana ujira kabla ya kuondoka, na mara nyingi ujira ulikuwa vitambaa. Walisafiri kiangazi, wakajitahidi kurudi kulima. Kijana aliyekwenda pwani akarudi alionekana ni mtu mzima aliyeiona dunia. Ilikuwa kazi ya ufundi. Kulikuwa na namna ya kufunga mzigo, namna ya kuuweka begani, namna ya kupumzika bila kuutua.

Na mbele ya msafara alikwenda mtu mmoja aliyeitwa kirangozi. Huyu nataka mmshike vizuri akilini, maana nitamrudia. Kirangozi ndiye aliyejua maji yako wapi. Alijua katika pori la Mgunda Mkali, kati ya Ugogo na kwetu, mtu akikosa kisima kimoja wenzake watakufa kwa kiu. Alijua ni kijiji gani kina njaa mwaka huo, na ni mtemi gani atataka hongo. Neno hongo leo ni rushwa, lakini wakati ule lilikuwa ushuru wa njia, ulilipwa hadharani. Kirangozi hakulipwa kwa sababu ya bega lake. Alilipwa na kuheshimiwa kwa sababu ya kichwa chake.

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1912 ikafika Tabora, mwaka 1914 ikafika Kigoma. Safari ya miezi ikawa safari ya siku chache. Misafara mikubwa ya njia ile ikaisha.

Je, wapagazi wakaenda wapi? Baadhi yao waliijenga reli yenyewe, wakachimba na kubeba mataruma. Wengine walibeba mizigo kutoka stesheni kwenda vijijini, kwa sababu treni haifiki mlangoni pa mtu. Halafu vikaja vita vya 1914 hadi 1918. Maelfu kwa maelfu ya watu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote, wengi kwa nguvu, na wengi mno walikufa kwa njaa na maradhi. Kwa hiyo mashine ilipofika, mzigo haukutoka begani mara moja. Uliendelea kuwapo, bali patano la ujira ndilo lililotoweka. Baada ya vita watu wa huku walikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, wakawa manamba. Mjukuu wa mtu aliyepatana ujira wake mwenyewe akawa anaitwa kwa namba.

Na kirangozi? Hapa nawaomba mfikiri pamoja nami. Treni haikumnyang'anya kirangozi ujuzi wake. Haikujifunza visima wala haikumwuliza njia. Treni ilijilazia njia yake yenyewe, ya chuma, isiyobadilika masika wala kiangazi. Njia ikishakuwa moja, anayejua njia ana kazi gani tena? Ndivyo mashine nyingi zinavyoshinda. Hazishindi kwa kuwa na akili kuliko fundi. Zinashinda pale mahali pa kazi panapotengenezwa pawe rahisi kwao.

Shikeni hilo, sasa twende kwenye sakafu.

SAKAFU SI KITU KIMOJA

Neno sakafu limetoka kwa Waarabu, na kwao maana yake ni dari au paa. Pwani nyumba za mawe zilikuwa na paa bapa la chokaa lililopigwapigwa kwa vijiti mpaka likawa gumu, na ghorofa ikiwekwa juu, paa la chini ndilo sakafu ya juu. Jina likashuka mpaka likafika chini ya miguu yetu.

Huku kwetu sakafu ilikuwa ya udongo. Mama zetu walichukua udongo wa kichuguu, wakaulowesha, wakaushindilia, kisha wakausiriba kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na maji. Wengi mliopo hapa mmeifanya kazi hiyo kwa mikono yenu. Mnajua kwamba udongo ukiwa na maji mengi utapasuka, ukiwa mkavu hautashika. Nani aliwafundisha kipimo? Hakuna aliyewapa kipimo cha vikombe. Mkono ulijua. Huo ni ufundi, na msikubali mtu awaambie kwamba ufundi ulianza na simenti.

Baadaye ikaja simenti, wengine wakaipaka rangi nyekundu. Sasa zimekuja marumaru, au tailizi kama wasemavyo mjini. Zamani ziliagizwa ng'ambo, zikawa za matajiri. Siku hizi viwanda vipo nchini, Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, na mwalimu wa kijijini naye anaweza kuziweka sebuleni kwake.

Mtu akitazama kazi ya marumaru anaona fundi amepiga magoti anabandika vipande. Anasema, hii nayo ni kazi gani? Lakini kubandika ni mwisho wa kazi. Kwanza fundi anatazama ardhi. Nyumba ikiwa imejengwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, udongo ule unafura masika, unanywea kiangazi. Ukibandika marumaru juu ya zege nyembamba hapo, mwaka wa pili zitakuwa zimenyanyuka kama ganda la mti. Kule kwenye kichanga cha juu hakuna taabu hiyo. Pili anatazama kama zege imekauka. Tatu anatazama pembe.

Pembe mnaweza kuzipima wenyewe. Toka kwenye kona ya chumba, pima sentimita 60 kwenye ukuta mmoja, weka alama. Pima sentimita 80 kwenye ukuta wa pili, weka alama. Sasa pima kutoka alama hadi alama. Ukipata 100 kamili, kona imenyooka. Ukipata 102 au 97, kona imepinda, na marumaru zitakuumbua, kwa sababu zenyewe zimenyooka. Nawaambieni kweli, katika nyumba zetu kona iliyonyooka ni ya kutafuta kwa taa.

Nne anapanga. Anazilaza kavu bila gundi, anatazama mlangoni patakuwaje, kipande chembamba kitaangukia wapi. Bafuni anaweka mteremko, kama sentimita moja kwa kila mita, maji yaende kwenye tundu yasiende chumbani. Ndipo anabandika. Halafu anagonga kwa nyundo ya mpira na kusikiliza. Ikilia wazi kama chungu kitupu, chini kuna hewa. Aing'oe sasa hivi, gundi haijakauka.

Je, mashine inaweza kufanya haya? Wamejaribu. Huko Japani makampuni makubwa ya ujenzi yalitengeneza mashine za kusawazisha sakafu ya zege tangu miaka ya 1980. Ni miaka 40 sasa, na bado sakafu nyingi duniani zinasawazishwa na watu. Singapore wataalamu wametengeneza mashine ya kulaza marumaru yenyewe. Marekani kuna vijigari vidogo vinavyotembea sakafuni na kuchora mistari ya ramani, mahali ambapo fundi angepiga kamba yake.

Vijigari hivyo vinafanya kazi wapi? Kwenye majumba makubwa, maghala na maofisi, ambako sakafu ni tambarare kama meza, umeme haukatiki na vyumba 100 vinafanana. Yaani pale palipokwisha kulazwa reli. Fundi anayetegemea kazi za namna hiyo ndiye atakayewahi kuguswa, hata hapa kwetu siku zijazo. Lakini uilete mashine ile Kwihara, kwenye nyumba iliyojengwa msimu mmoja vyumba viwili, msimu wa pili sebule, msimu wa tatu choo, kila msimu na fundi wake. Haitavuka kizingiti. Na bei yake inapita bei ya nyumba.

Kwa hiyo kama hofu ni mashine kuja kupiga magoti badala yetu, mimi sina hofu hiyo. Na kusema kweli ningeikaribisha. Magoti ya fundi wa sakafu yanakwisha mapema. Na ukikata marumaru kavu, lile vumbi jeupe linakaa mapafuni na halitoki tena, linaleta ugonjwa usiopona. Kateni kwa maji, vijana, na mvae barakoa. Mashine ikiyachukua magoti na vumbi, aende nayo salama.

Hofu yangu iko mahali pengine.

MABOKSI KUMI NA MOJA AU KUMI NA MBILI?

Chukueni kalamu. Mteja ana chumba cha mita 4 kwa mita 5. Eneo lake ni 4 mara 5, ni mita za mraba 20. Marumaru yake ni ya sentimita 40 kwa 40, eneo lake ni 0.16 ya mita ya mraba. Gawanya 20 kwa 0.16, unapata 125. Boksi moja lina marumaru 12, kwa hiyo 125 ni maboksi 10 na kidogo, tununue 11. Simu itakupa jibu hilo kabla hujapepesa jicho. Na hesabu ni sahihi.

Sasa fundi anapanga. Kati ya marumaru na marumaru anaacha nafasi ya milimita 3 ya kujaza grauti. Upande wa mita 4 unapata mistari 10, wa mwisho unakatwa kidogo. Upande wa mita 5 unapata marumaru 12 nzima na kipande cha sentimita 16. Kipande hicho kikikaa upande mmoja wa chumba kitaonekana kama kiraka. Fundi mzuri anasogeza. Anaweka marumaru 11 nzima katikati, na kila upande kipande cha sentimita 28. Chumba kinapendeza, pande zote ziko sawa. Lakini kila kipande cha 28 kimekula marumaru nzima, kwa sababu kilichobaki, sentimita 11 na kitu, hakitoshi mahali pengine. Kwa hiyo kila mstari umekula marumaru 13. Mistari 10 mara 13 ni 130. Ongeza za kuvunjika, na chache za akiba, maana ukirudi dukani mwakani rangi ile hutaipata. Mimi naandika 138, yaani maboksi 12.

Mteja anasema: "Simu imesema 11. Fundi, unataka kunila boksi moja."

Tuitendee haki simu. Ukiiuliza vizuri, ukaiambia iongeze asilimia 10 ya kuvunjika, nayo itakujibu 138. Na kila mwaka inazidi kujifunza. Zipo simu za bei kubwa ambazo ukizipitisha chumbani zinapima kuta zenyewe na kukuchorea ramani. Kwa hiyo mimi siwaambii simu haiwezi. Mahesabu yale ambayo fundi aliyaficha kichwani, na kwa kuyaficha akaheshimiwa, sasa yako mfukoni mwa kila mtu. Mafundi wengine waliojificha nyuma ya hesabu hiyo kuwaibia watu maboksi wataumbuka, na hapo mimi sitalia nao.

Lakini tazameni kinachofuata. Mteja anasema: "Kupima nimekwisha pima. Kupanga, simu imenipangia. Wewe nikulipe kubandika tu." Bei ya mita ya mraba inashuka. Je, kilichopungua ni nini katika kazi? Magoti yako pale pale. Vumbi liko pale pale. Kilichoondolewa ni malipo ya kichwa.

Mnamkumbuka kirangozi? Treni ilichukua bega na kichwa pamoja. Hii akili mnemba inakuja kinyume chake. Inataka nafasi ya kirangozi, na mzigo inamwachia mpagazi. Jambo hilo ndilo linalonikosesha usingizi, si zile mashine za Singapore.

Na linakwenda mbali zaidi ya bei. Kijana hujifunza ufundi kwa kushika upande wa pili wa futi. Anashika, anamsikia mzee akinung'unika, "hapa pamepinda, tuanzie dirishani." Miaka miwili anashika futi, mwaka wa tatu anaanza kuona mwenyewe. Sasa mpangaji akiwa simu, au mtu aliyekaa ofisini mjini anayetuma picha, kijana atabandika miaka 10 bila kujua kwa nini kipande kimewekwa hapa na si pale. Atakuwa na mkono wa fundi na kichwa cha kibarua. Na siku sakafu ikinyanyuka, nani ataitwa? Simu haiitwi. Ataitwa yeye.

Liko na jambo la kitabu cha kazi. Huko mijini madereva wa taksi hupewa abiria na programu ya simu, na mwenye programu hukata sehemu yake katika kila nauli. Sehemu hiyo ilileta ugomvi. Mwezi Aprili 2022 kampuni ya Uber ilisimamisha huduma zake Tanzania, kwa kuwa haikukubali kiwango kilichowekwa na LATRA, ndiyo mamlaka ya serikali ya usafiri wa nchi kavu. Ilirudi mwaka 2023. Nasema hivi si kwa kuwalaumu. Nasema ili muone kwamba anayeshika kitabu cha kazi ndiye anayekata. Likija jambo kama hilo kwa mafundi, programu ikamchagulia mteja fundi na kumpangia bei, madereva walikuwa na mamlaka ya kuwapangia kiwango. Sisi mafundi wa mitaani nani atatupangia? Tuna umoja gani? Hapa Tabora mafundi watatu wakikaa kijiwe kimoja, kila mmoja anamsema mwenzake kwa mteja.

TUFANYE NINI?

Nitasema yale ninayoyafanya mimi, anayetaka achukue.

Simu naitumia. Mifuko ya gundi siku hizi ina maandishi ya Kiingereza au ya Kichina. Naipiga picha, simu inanigeuzia kwa Kiswahili: changanya maji kiasi gani, ngoja saa ngapi kabla ya kukanyaga. Zamani tulikisia. Pia inanisaidia kuandika makisio ya gharama yakasomeka vizuri, mteja akayaweka. Lakini hesabu naifanya kwanza mimi katika daftari, halafu naiuliza simu. Zikitofautiana natafuta kwa nini. Mara nyingi nakuta simu imechukulia chumba kimenyooka, au haijui kama mlango uko katikati ya ukuta. Mtu asiyejua kugawanya 20 kwa 0.16 hatajua simu ilipomdanganya. Ndiyo maana mwalimu wenu akiwapa hesabu za eneo, msimnunie.

Kupima siku hizi nakuandika peke yake. Katika makisio yangu kuna mstari wa kupima na kupanga, una bei yake. Kuna mstari wa kusawazisha, una bei yake. Kuna mstari wa kubandika. Mteja akisema simu imepima, namwambia vizuri, tuufute mstari huo, lakini uandike hapa kwamba vipimo ni vya kwako, tutie sahihi wote wawili. Wengi wakifika hapo hunirudishia futi. Haya yote hayawezekani kwa mtu asiyeandika. Baba zetu mafundi walikuwa hodari kuliko sisi, lakini patano lao lilikuwa mdomoni, na mdomo hauna nakala.

Vijana mliojifunza kazi mitaani, nendeni VETA hapa Tabora mkaulize juu ya utaratibu wao wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini. Mtu anapimwa kwa kile anachokijua, hata kama hakukaa darasani. Cheti hicho si pambo. Mteja mwenye simu anaamini karatasi. Na akina dada msiione kazi hii ni ya wanaume. Anayejua kusiriba sakafu ya udongo bila kuacha alama ya mkono ana jicho ambalo mimi humfundisha mwanamume mwaka mzima.

Basi yule kijana aliyeuliza ajifunze au aache? Mimi namwambia ajifunze. Nyumba bado zinajengwa, na nyumba zetu zimepinda, na mbuga itaendelea kufura kila masika. Lakini akijifunza kubandika peke yake, amejifunza upagazi. Ajifunze ardhi, ajifunze pembe, ajifunze mteremko wa maji, ajifunze kuandika patano. Na mzazi akimpeleka kwa fundi, amwulize fundi yule mapema: "Mwanangu atashika futi lini?" Fundi asiyekuwa na jibu, mzazi atafute mwingine.

Sitawaficha kwamba yapo mambo ambayo hata hayo hayatayazuia. Mtu anaweza kununua zulia la plastiki dukani, akalitandika mwenyewe jioni moja, asimwite fundi wala kuiuliza simu. Kampuni inaweza kuamua kujenga nyumba 200 za namna moja, zikafaa mashine. Kirangozi aliyekuwa hodari kuliko wote mwaka 1911 hakuweza kuizuia reli isifike mwaka 1912. Aliyeweza kusema neno ni yule aliyejua mapema inapita wapi.

Nimesema sana. Jumamosi saa tatu asubuhi tutakutana kwenye lile darasa jipya ambalo halijawekwa sakafu. Kila mtu aje na kamba ya mita tano, daftari na kalamu. Tutapima kona zote nne kwa 60, 80 na 100, kisha kila mmoja aandike idadi ya marumaru anayoona inatosha, asimwonyeshe mwenzake. Mwenye simu kubwa naye aje nayo, tuipe chumba kile kile. Majibu yote tutayaandika ubaoni.

Sasa, nani ana swali?